Daraja la Biashara: Safari Fupi ya Angani Kati ya Masai Mara na Serengeti

Kutoka Keekorok, katika mbuga ya Masai Mara upande wa Kenya, hadi Kogatende, ukingoni mwa Mto Mara upande wa Tanzania, tai akinyoosha mbawa zake hatamaliza kilomita hamsini. Nyumbu huenda huko kwa miguu, makundi kwa makundi, baina ya Julai na Oktoba, kisha hurudi kusini mvua za vuli zikinukia. Ndege ndogo ya injini moja ingelifika kabla abiria wake hajamaliza kikombe cha kahawa. Lakini abiria mwenye tikiti ya kwenda huko hapiti njia ya tai wala ya nyumbu. Kwanza huchukuliwa kaskazini-magharibi hadi Migori, yaani hupelekwa mbali na anakokwenda. Hapo hushushwa, akapakiwa garini hadi Isebania, akavuka hadi Sirari, akapigiwa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania, akapanda gari jingine hadi kiwanja cha Tarime. Huko hungojewa na ndege ya pili, ambayo humrudisha kusini-mashariki hadi Kogatende. Safari ya robo saa huwa ya nusu siku.

Njia hii ya mzunguko ilianza kuuzwa na makampuni ya ndege ndogo katika miaka ya 2010, na waliouziwa hawakuwa watu wa kuhesabu sarafu. Wengi wao walivuka bahari wakiwa mbele ya ndege kubwa, nyuma ya pazia, katika sehemu ambayo Kiswahili cha viwanja vya ndege huiita daraja la biashara. Pale Sirari hapana pazia. Mtalii mwenye kofia pana husimama karibu na mama aliyetoka Tarime na mkungu wa ndizi kichwani, na kijana mwenye baiskeli iliyofungwa magunia mpaka haionekani magurudumu. Basi ni mahali pazuri pa kuuliza safari ya angani ilipataje daraja, na ni nani aliyeitia mpaka.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kidogo. Daraja, katika asili yake ya Kiarabu, ni kipandio cha ngazi, na kutoka hapo ni cheo. Waswahili walilipokea kwa maana hizo, wakaliongezea mzigo wa tatu: kile kinachotandazwa juu ya mto ili watu wavuke. Neno moja likawa linatenga na kuunganisha. Mwenye daraja yuko juu ya wenzake; mwenye kujenga daraja anawafikisha wenzake ng'ambo. Mfasiri anayetaka kulipeleka neno hili katika lugha za Ulaya hulazimika kuchagua maana moja na kuiacha nyingine majini. Na ndege nayo si nyepesi kuliko daraja. Ni kiumbe chenye manyoya, ni chombo cha chuma, na katika Kiswahili cha kale cha pwani ni dalili: msafiri aliyeona ndege mbaya asubuhi alirejea nyumbani akavua viatu.

Mstari unaompasulia mtalii safari yake ulianzia mbali na Tarime, karibu sana na Pemba. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya namna ya kugawana nchi zilizo nyuma ya pwani. Wakaanza kwenye mlango wa Mto Umba, jirani na Vanga, wakapanda hadi Ziwa Jipe, wakauzunguka Mlima Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha wakapiga mstari mnyoofu hadi ukingo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, pale ambapo digrii moja kusini ya ikweta inakutana na maji. Mapatano hayo hayo ndiyo yaliyompunguzia Sayyid Barghash milki yake ya bara mpaka ikabaki utepe wa maili kumi tu kutoka maji makuu, pamoja na visiwa na bandari chache za kaskazini. Sultani hakuitwa mezani. Aliletewa karatasi, na Desemba mwaka ule akaikubali, kwa kuwa manowari zilikuwa za wengine. Wakurya hawakuletewa hata karatasi.

Wasomaji wa visiwani wameusoma mkataba ule mara nyingi kama msiba wa Unguja, na ni kweli ulikuwa msiba. Lakini kalamu ile ile, siku ile ile, ilipita katikati ya nyua za watu walio zaidi ya kilomita mia sita kutoka Forodhani. Wairege wakawa huku na kule. Wanyabasi wakawa huku na kule. Mwaka 1904 ilikuja tume ya Waingereza na Wajerumani kupima mstari huo ardhini, na ndipo baadhi ya wazee walipojua kwamba ng'ombe wao wanachunga katika dola mbili. Muziki wa ritungu, ule wa zeze kubwa la Wakurya lenye sauti nzito kama inayotoka chini ya ardhi, hauna upande: mpigaji wa Tarime husikilizwa Kehancha, na wa Kehancha husikilizwa Tarime.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondoka, Waingereza wakashika pande zote mbili, na mstari ukapungua ukali. Katika kipindi hicho ndipo anga ya Ziwa ilipopata njia yake ya kwanza ya abiria, nayo si habari inayojulikana kwa wengi. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha safari za kila wiki za kuja Afrika kutoka Croydon, karibu na London. Mwisho wa njia hiyo haukuwa Nairobi, wala Mombasa, wala Cape Town. Ulikuwa Mwanza.

Safari ilichukua siku zipatazo kumi. Haikuwa safari moja hasa, bali shanga zilizotungwa: ndege kidogo, gari-moshi kidogo katika Italia, ndege ya majini juu ya Bahari ya Kati, gari-moshi tena kutoka Aleksandria hadi Kairo, ndege ya nchi kavu hadi Khartoum, na kutoka hapo ndege ya majini aina ya Short Calcutta ikifuata Mto Naili mpaka Ziwa Viktoria. Kituo cha mwisho kabla ya Mwanza kilikuwa Kisumu. Ukiweka rula juu ya ramani kati ya Kisumu na Mwanza utaona kwamba mstari unagusa pwani ya Shirati, katika nchi ambayo baadaye iliitwa Wilaya ya Mara ya Kaskazini na ambayo ni Tarime na Rorya ya leo. Wavuvi wa huko, basi, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza katika Tanganyika kuiona ndege ya abiria ikipita kwa ratiba, kutoka nchi moja kwenda nyingine, safari ya saa chache tu. Haikuwapitia muda mrefu. Mwaka 1932 njia ilipoendelezwa hadi Cape Town ilikata kutoka Kisumu kwenda Nairobi, kisha Moshi na Dodoma, na Mwanza ikaachwa pembeni.

Ndani ya ndege zile hapakuwa na daraja la kwanza wala la pili. Ajabu hii ina sababu yake. Katika meli za siku zile daraja lilionekana kwa macho: sitaha za juu zenye upepo na viti vya kulalia kwa wachache, na chini, karibu na mitambo, wengine wote. Katika gari-moshi vivyo hivyo, na Mwafrika alijua behewa lake bila kusoma kibao. Hata jahazini, ambako mahali pa nahodha ni shetri na abiria hukaa juu ya shehena, kila mtu hujua pa kuketi. Ndege ya 1931 haikuhitaji vibao, kwa kuwa nauli yake pekee ilikwisha kumchuja kila asiyetakiwa. Waliokalia viti wote walikuwa wa tabaka moja: maofisa, wenye mashamba, matajiri wenye haraka. Na juu yao wote palikuwa na abiria mmoja asiyegombwa, nao ni mfuko wa barua. Uzito ukizidi, barua zilikaa na binadamu akangoja.

Daraja, kwa maneno mengine, lilikuwa mlangoni. Likaja kuingia ndani pale tu watu wengi walipoanza kuingia.

Kabla ya hapo ilipita enzi ya matajiri wenye ndege zao. Mwaka 1933 Martin na Osa Johnson, mume na mke wa Kimarekani waliokuwa wakitengeneza filamu, walileta Afrika ndege mbili za Sikorsky ziwezazo kutua majini na nchi kavu. Moja waliipaka mistari ya pundamilia, nyingine madoa ya twiga, wakaruka nazo juu ya mbuga za Afrika Mashariki wakipiga picha. Kwa mara ya kwanza nchi hii ilitazamwa kutoka juu kama tamasha. Anayetazama kutoka juu huona makundi ya wanyama vizuri sana. Nyumba za udongo zenye mapaa ya nyasi hazionekani kwa urahisi, kwa kuwa rangi yake ni ile ile ya nchi.

Mistari ya pundamilia ikarudi miaka ishirini na tano baadaye, juu ya ndege nyingine, na safari hiyo kwa jambo zito zaidi. Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael, walijifunza urubani wakiwa watu wazima ili waweze kuja Serengeti. Hifadhi ilikuwa imetangazwa rasmi mwaka 1951, na serikali ya Tanganyika ilikuwa ikitaka kuipunguza mipaka. Baba na mwana walitaka kwanza ijulikane wanyama wako wangapi na wanakwenda wapi. Wakaja na ndege ndogo aina ya Dornier, wakaipaka mistari, na mwanzoni mwa 1958 wakaanza kuhesabu, wakiruka chini chini kwa mistari sambamba, wanyama wakubwa wapatao laki tatu na elfu sitini na zaidi. Alama ya usajili ya ndege ile ilikuwa D-ENTE, na Ente kwa Kijerumani ni bata. Ndege ya chuma yenye ngozi ya pundamilia na jina la bata: hata watunga vitendawili wa Pemba wasingefika huko.

Tarehe 10 Januari 1959 tai aligonga bawa la ndege hiyo ikiwa angani, ikaanguka, na Michael, aliyekuwa peke yake, akafa papo hapo akiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Kaburi lake liko ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Filamu waliyoitengeneza, iliyosema kwamba Serengeti haitakufa, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na jina la Serengeti likaenea duniani kote kama jina la pahala pasipo watu. Mwaka huo huo wa 1959 Wamasai walikuwa wakiondoshwa katika hifadhi na kupelekwa Ngorongoro. Magharibi, Waikoma na jirani zao walikwisha kusukumwa nje ya mapori waliyowinda babu zao. Kaskazini, katika miaka ya 1960, hifadhi iliongezwa mpaka ikafika kwenye mstari wa 1886, na kipande cha Lamai, baina ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, kikaingizwa ndani yake. Haifai kumlaumu kijana aliyekufa kwa kazi aliyoipenda. Inafaa kusema tu kwamba hesabu yake ilihesabu kila kitu chenye miguu minne.

Wakati huo anga ya nchi hizi tatu ilikuwa moja. Shirika la ndege la East African Airways lilianza kuruka mwaka 1946 kwa ndege sita za de Havilland aina ya Rapide, zenye mbawa mbili mbili na mwili wa mbao na kitambaa, na likawa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Baadaye zikaja Dakota na Friendship zilizozunguka viwanja vya ndani, Unguja na Pemba zikiwamo, Mwanza ikiwamo. Mwaka 1960 shirika likapata Comet, na kutoka 1966 likapata Super VC10, ndege ndefu yenye injini nne mkiani, yenye simba ubavuni. Katika ndege hizi kubwa ndimo daraja lilipoingia ndani. Duniani kote mashirika yalikuwa yamekubaliana mwaka 1952 kuuza viti vya nauli nafuu vya kitalii, na mwaka 1958 vikaja vya nafuu zaidi juu ya Atlantiki. Mara tu mwalimu na karani walipoweza kununua tikiti, ikabidi pawe na ukuta kati yao na mkurugenzi. Ukuta wa ndege lakini ni lazima uwe mwepesi, ukawa pazia.

Mtalii wa miaka hiyo aliyefika Nairobi aliuona mstari wa 1886 kwa shida. Alitoka Nairobi kwa gari, akalala Masai Mara, akavuka Sand River na Bologonja akaingia Serengeti, akashuka Ngorongoro, akarudi Nairobi kwa njia ya Namanga. Ulikuwa mzunguko mzuri, na aliyeupitia aliusifu. Lakini mzunguko wowote una kitovu, na kitovu cha huu kilikuwa Nairobi. Hoteli zilikuwa za Nairobi, magari ya Nairobi, benki za Nairobi. Tanzania ilipata kiingilio cha lango, kisha ikabaki na vumbi. Kiwanja kikubwa cha Kilimanjaro kilichofunguliwa mwaka 1971, kikatua ndege kubwa katikati ya mashamba ya Sanya, kilikuwa jibu la malalamiko hayo. Wanaoisimulia historia hii kana kwamba Tanzania iliamka siku moja ikafunga mlango kwa hasira hawaisimulii yote.

Mlango ulifungwa Februari 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikifa kwa madeni, kwa siasa zisizopatana, na kwa ugomvi wa nani alipe nini, na shirika la ndege lilikuwa kiungo cha kwanza kukatika. Ndege zilizuiliwa pale zilipolala. Kenya ikaunda Kenya Airways, Tanzania ikaunda Air Tanzania mwezi wa Machi, na katikati Tanzania ikaufunga mpaka wake wote na Kenya. Magari ya watalii yaliyokuwa Serengeti na Ngorongoro siku hiyo yakakamatwa pamoja na ndege ndogo kutoka Kenya zilizokutwa upande huu. Watalii wakarudishwa, magari yakabaki. Meli ya Victoria, iliyokuwa ikizunguka bandari za Ziwa, ikabaki Tanzania.

Kwa wilaya za mpakani huo haukuwa ugomvi wa mashirika. Tarime ilikuwa imetengwa na nchi yake kwa Mto Mara, ambao pale Kirumi ulivukwa kwa pantoni, na daraja halikujengwa mpaka miaka ya 1980. Soko lake la karibu lilikuwa Migori na Kisii. Harusi zake, misiba yake, mahari yake ya ng'ombe, vyote vilikuwa na pande mbili. Mpaka ulipofungwa watu hawakuacha kuvuka. Waliacha tu kuvuka mchana. Njia za panya zilizopata majina na wenyewe katika miaka ile sita na ushei hazijasahaulika mpaka leo. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na mwaka uliofuata nchi tatu zikatia saini Arusha mapatano ya kugawana mali ya marehemu, baada ya usuluhishi mrefu wa Mswisi Victor Umbricht. Sirari ikafunguliwa. Namanga ikafunguliwa. Bologonja haikurudishiwa watalii wake wa kupita.

Na ni katika miaka hiyo hiyo, huku magari yakingoja Namanga na nyumbu wakipita Bologonja bila kuulizwa, ndipo daraja la biashara lilipozaliwa duniani. Mashirika makubwa ya Uingereza, Marekani na Australia yaliona jambo: wafanyabiashara walionunua tikiti kwa bei kamili, kwa sababu hawakujua mapema siku watakayosafiri, walijikuta wameketi karibu na wanafunzi walionunua kwa bei ya chini, na wakanung'unika. Baina ya 1978 na 1979 wakatengewa sehemu yao, nyuma ya daraja la kwanza na mbele ya umma. Haikuwa anasa mwanzoni. Ilikuwa kimya na nafasi ya kuweka makabrasha. Anasa ilikuja baadaye, na ikakua mpaka ikalimeza daraja la kwanza katika mashirika mengi.

Katika safari ndefu faida yake haina ubishi, kwani usingizi ni usingizi. Katika safari fupi jambo hugeuka kichekesho. Katika Ulaya, abiria wa daraja la biashara kwa safari ya saa moja mara nyingi hukalia kiti kile kile cha wengine, ila cha katikati huachwa wazi, na pazia husogezwa mbele au nyuma kwa kadiri ya waliolipa siku hiyo. Afrika Mashariki imekuwa na uaminifu zaidi: Kenya Airways iliweka viti kumi na viwili vipana mbele ya ndege zake za Embraer, na Air Tanzania ilipofufuliwa mwaka 2016 kwa ndege za Q400, ilitenga viti sita vya mbele na sabini vya nyuma. Kati ya Nairobi na Dar es Salaam ni saa moja na ushei. Aliyelipia mbele hupata kikombe cha kaure badala ya cha karatasi, hupata kushuka kwanza, kisha hufika kwenye dirisha la uhamiaji akakutana na pasipoti yake. Hapo daraja alilolinunua limekwisha, na daraja alilozaliwa nalo huanza kuulizwa.

Ndege inayotoka Tarime kwenda Kogatende haina hata viti sita vya namna hiyo. Ni Caravan, au moja ya jamaa zake, yenye viti kumi na viwili hivi vilivyobanana. Hapana pazia, hapana mhudumu, hapana choo. Rubani huwageukia abiria akawaeleza mwenyewe milango iko wapi. Mzigo hauruhusiwi kupita kilo kumi na tano, tena katika mkoba laini unaokubali kukunjwa. Bilionea hubeba vitu vichache kuliko msichana wa shule ya bweni. Na bado hii ni safari ya watu wachache kuliko zile za viti vipana, kwani mwisho wake ni kambi za turubai ambazo kitanda chake kwa usiku mmoja hulipiwa fedha ambazo mkulima wa ndizi wa Tarime huziona kwa misimu. Mambo yamerudi kama yalivyokuwa mwaka 1931. Daraja limetoka ndani ya ndege, likasimama tena mlangoni.

Ila mlango huu una Sirari katikati yake, na Sirari ina sheria zake. Tangu Jumuiya ilipofufuliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na soko la pamoja lilipoanza Julai 2010, raia wa Afrika Mashariki avukaye hapo halipi viza. Mwenye hati ya muda ya kusafiria hugongewa muhuri akaenda zake sokoni. Mtalii hana bahati hiyo. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha viza moja ya kitalii kwa nchi tatu, na Tanzania haikuingia humo, kwa sababu ambazo aliyeyakumbuka magari ya Nairobi ya miaka ya 1970 hatahitaji kuelezwa. Kwa hiyo mtalii hutoa kibali cha Kenya kilichokwisha kazi, hulipia viza ya Tanzania, hujaza fomu, hungoja. Mama wa ndizi amekwisha kupita.

Aliyebuni jina la daraja la biashara hakumfikiria mama huyu, ingawa kwa Kiswahili sanifu hakuna mtu pale mpakani anayelistahili kuliko yeye. Yeye ndiye aliye katika biashara. Mtalii yumo katika matembezi. Mkungu uliokatwa jana katika miinuko ya Tarime huuzwa leo Isebania au hupakiwa lori la kwenda Kisii na Nairobi; sabuni na mafuta ya kupikia hurudi kwa njia ile ile. Bei ya shilingi moja kwa nyingine huulizwa kila asubuhi na vijana wa kubadilisha fedha, na mama huzijua zote mbili kwa moyo, bila karatasi.

Si yote ni ya kuchekesha. Vijiji vya Tarime vilivyopakana na hifadhi, katika kata kama Nyanungu, Gorong'a na Kwihancha, vina mgogoro wa miaka mingi na mamlaka za hifadhi juu ya wapi hasa vigingi vinapaswa kusimama. Ng'ombe aliyevuka kigingi hukamatwa. Tembo aliyevuka kigingi akala mahindi hufidiwa kwa kifuta jasho, nalo jina hilo linaeleza kiasi chake. Katika eneo hilo hilo, Nyamongo, mgodi wa dhahabu ulioanza uzalishaji mwaka 2002 una kiwanja chake cha ndege, kama kambi za Serengeti zilivyo na vyao. Wilaya mbili zenye barabara ngumu wakati wa masika zina viwanja vingi vya ndege, na wenyeji wengi huvijua kwa kusikia mngurumo.

Ndege ya Kogatende huondoka Tarime ikielekea jua la asubuhi au la adhuhuri, ikapanda juu ya migomba na mapaa ya mabati, na kwa dakika kadhaa chini yake ni mashamba tu, moja limeshikana na jingine bila kupumua. Kisha mashamba hukatika kwa mstari, kama nguo iliyokatwa kwa mkasi, na ng'ambo ya mstari ni nyasi. Hapo ndipo abiria hutoa kamera. Rubani huinamisha bawa kidogo ili walio upande wa kushoto nao wauone Mto Mara ukizunguka Lamai, na vivuko ambavyo nyumbu wamevichimba kwa kwato zao. Nyuma yao, pale Sirari, kizuizi kimeinuliwa kwa lori la mahindi, na watembeao kwa miguu wanapita kandoni mwake.